Kilo Nne za Mama Mkwe

Sikusoma sana. Niliishia darasa la saba, na hata hilo la saba sina hakika kama nililimaliza au lilinimaliza. Lakini kazi niliyoipata baada ya hapo haikutaka shule kubwa, ilitaka macho na aibu. Nilikuwa karani wa mizani kwenye ghala la wakulima Mwamkulu, nje kidogo ya mji wa Mpanda, katikati ya miaka ya tisini. Mkulima analeta gunia, ninalipandisha kwenye jukwaa la mizani, ninasukuma jiwe kwenye mkono wa chuma mpaka mkono utulie, ninasoma, ninatoa uzito wa gunia lenyewe, ninaandika. Basi. Watu walinisema kwamba ni mpole kupita kiasi, na kwamba nyumbani kwangu mwenye sauti ni mke. Hakuna aliyesema kwamba napunja.

Nilikuwa pia na daftari langu la nyumbani. Nilianza kuliandika kwa sababu kumbukumbu yangu siiamini, na haya ninayoyasimulia nimeyatoa humo. Kama kuna mahali nimekosea, nimekosea tangu wakati ule.

Mama mkwe wangu alikuwa mwanamke mnene. Siandiki hivi kwa dharau. Enzi zile unene ulikuwa heshima, wembamba ndio uliotia watu wasiwasi. Ule ugonjwa ulikuwa umeshaanza kupita majumbani, na mtu akikonda bila sababu alishangaa majirani wanavyokuja kumsalimia kwa wingi. Kwa hiyo mama hakuuonea haya mwili wake. Shida yake ilikuwa magoti na presha. Kanisani wenzake wakipiga magoti, yeye alibaki benchini kama mgeni rasmi, na jambo hilo lilimuuma kuliko magoti yenyewe. Kwa presha alipewa vidonge vya kumeza kila asubuhi, na tabibu wa zahanati akamwambia apunguze mwili.

"Nipunguze," mama alimwambia mke wangu aliporudi. "Anasema kama anaongea na dereva wa lori la mchanga."

Ndipo akaja mama wa sindano. Alishuka kwenye treni ya Tabora na begi moja na koti jeupe, akapanga chumba kwenye nyumba ya wageni karibu na stesheni. Alikuwa mwanamke mzuri, mwenye sauti ya taratibu, na nataka niseme haki yake mapema: alikuwa msafi. Bomba la sindano kila mtu alikuja na lake jipya kutoka duka la dawa, na hakukubali kinyume chake hata ukimbembeleza. Alikuwa na vichupa vidogo vyenye unga mweupe na vichupa vingine vya maji ya kuchanganyia. Alisema si kemikali. Alisema ni kitu cha mwili wenyewe, homoni, kinachokwenda kuyagongea mafuta mlango yanapolala na kuyaambia yatoke. Sindano arobaini, moja kila asubuhi, na mtu anakuwa mwepesi kama msichana wa kipaimara.

"Na chakula?" mama mdogo aliuliza. Huyu mama mdogo ni mdogo wake mama mkwe, mjane aliyekuwa akiishi nyumba ya pili, na hajawahi kuacha swali limpite.

"Ah, chakula ni kawaida tu," mama wa sindano akajibu. "Mafuta hapana, karanga hapana, nyama ya mafuta hapana, ugali kama ngumi ya mtoto mara moja kwa siku, mboga za kuchemsha." Aliyasema haraka haraka, kama matangazo ya misa wakati watu wameshasimama.

Mama mkwe alifikiri siku mbili. Siku ya tatu akatoa jibu lake, nalo lilinifikia kupitia kwa mke wangu nikiwa nafunga kamba za viatu.

"Mama amekubali sindano. Lakini anasema maneno ya mtu wa treni hayaamini. Anataka apimwe kabla na apimwe baada. Na anasema atapimwa na wewe."

"Na mimi?"

"Anasema mkwe wake hapunji mtu."

Nilifurahi kwa muda wa kufunga kiatu kimoja. Kisha nikaelewa. Kwetu mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni. Nikimuona anakuja njiani, mimi ndiye ninayeingia majanini. Hatupeani mkono, hatukai mkeka mmoja, na miaka tisa ya ndoa yangu maneno yetu yote yalipitia kwa mke wangu, hata salamu. Sasa huyo ndiye nimpandishe kwenye mizani! Na mizani ya jukwaa ilivyo, anayesoma anasimama upande mmoja wa nguzo na mzigo uko upande wa pili, mnaangaliana kama watu wanaogombana.

Niliandika daftarini usiku huo: *Haiwezekani.* Chini yake nikaandika: *Lakini ni presha.*

Aliyetatua ni mama mdogo. Alisema tufunge kitenge kwenye nguzo ya mizani, kuanzia juu hadi karibu na chini, mimi nibaki na mkono wa chuma upande wangu na mama abaki na mwili wake upande wake. "Heshima ni macho," alisema. "Kilo hazina macho."

Basi Jumapili moja baada ya ibada, ghala likiwa halina mtu kwa kuwa Jumapili hatununui mahindi, nilifungua mlango. Kwanza niliipima mizani yenyewe kwa jiwe la kilo ishirini, mara tatu, kwa sababu sikutaka nije niambiwe mizani ilikuwa na njaa. Tukafunga kitenge. Nikasikia viatu vinavuliwa, nikasikia pumzi, jukwaa likalia. Kwa chini ya kitenge niliona vidole kumi vya miguu, nikaondoa macho haraka hata hapo, maana hatujaambiwa kama vidole vimo au havimo. Nikasukuma jiwe. Mkono ukatulia.

"Tisini na nane," nikamwambia mke wangu.

"Tisini na nane, mama," mke wangu akasema, ingawa mama alikuwa hatua moja kutoka kwangu na si kiziwi.

"Mwambie asante," mama akasema.

"Anasema asante."

Sindano zikaanza Jumatatu. Nilifanya jambo nililoona ni la haki: niligawa ukurasa wa daftari katikati kwa mstari. Upande mmoja niliandika *Inafanya kazi*, upande mwingine *Haifanyi kazi*. Wiki nzima sikuwa na cha kuandika, ila upande wa kwanza niliweka kwamba mama alisema anajisikia mwepesi, na upande wa pili nikaweka kwamba alisema vilevile mjukuu wake alipobatizwa.

Jumapili ya pili tukarudi ghalani. Kitenge, viatu, pumzi, vidole. Nikasukuma jiwe pale pale tisini na nane, mkono ukalala. Nikarudisha. Nikarudisha tena. Moyo ulianza kunidunda kwa ajili ya mtu mwingine, jambo ambalo kwa karani si zuri.

"Tisini na nne."

Kisha mama mdogo akapiga kigelegele kilichowatoa popo kwenye paa la ghala.

Kilo nne kwa wiki moja! Kufikia Jumatatu jioni habari ilikuwa imefika Mpanda mjini, na kufikia Jumatano ilikuwa imekwenda hadi Usevya na mtu wa baiskeli, ikiwa imeongezeka njiani na kuwa kilo saba. Wanawake wakapanga foleni kwenye ile nyumba ya wageni. Mama wa sindano alikuwa akiwauliza, "Mmesikia mizani ya ghala ilivyosema?" na wao wakijibu, "Tumesikia." Mizani yangu! Sitaficha: nilitembea nikiwa nimeinua kidevu kidogo. Nilikuwa nimepima mahindi ya watu miaka kadhaa na hakuna aliyewahi kupiga kigelegele.

Mama mdogo naye alikuwa amepanda mizani Jumapili ile ile, kwa kuwa alikuwa pale. Themanini na moja. Mama wa sindano akamtaka aanze sindano, akakataa.

"Mimi sindano nilimaliza utotoni, za kwinini, mpaka leo nikikaa vibaya nazikumbuka. Ila dada yangu hawezi kula majani peke yake kama mbuzi aliyefungwa. Nitakula naye." Na kweli, kuanzia siku hiyo alikula kama dada yake: ngumi ya mtoto, mboga za kuchemsha.

Lakini kuna jambo jingine lililotokea juu ya zile kilo nne, na ndilo lililoniondolea usingizi. Mama wa sindano alimwambia mama mkwe kwamba presha inakaa kwenye mafuta, na mafuta yakianza kutoka presha inatoka nayo. Kwa hiyo vidonge sasa ni kuuchanganya mwili. Aviache.

Mama akaviacha.

Mke wangu aliponiambia nilishtuka, lakini ningesema nini? Mizani ilikuwa imesema. Mimi ndiye niliyeisoma. Nilichoweza ni kuomba boksi moja tupu la ile dawa ya sindano, na ndani yake, Mungu si mtu wa kumsahau mjinga, palikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nyingi kuliko barua ya mapenzi, yenye maandishi madogo ya Kiingereza. Nikaenda nayo kwa tabibu wa zahanati, mzee mkavu, mwenye miwani iliyofungwa uzi.

Alisoma muda mrefu. Mara akatabasamu, mara akakunja uso.

"Hii ni homoni kweli," akasema. "Hakudanganya. Wanawapa wanawake wasioshika mimba."

"Mama mkwe wangu ana wajukuu kumi na mmoja."

"Basi aangalie. Na unajua inatolewa wapi? Inachujwa kutoka kwenye mkojo wa wanawake wajawazito."

Nilimwomba arudie. Alirudia, polepole, akiwa anafurahi.

"Na kuhusu mafuta?" nikauliza.

Akashusha kidole mpaka karibu na chini ya karatasi. Alisema watengenezaji wenyewe wanaandika kwamba haijaonekana kupunguza uzito, wala kuondoa njaa. "Wenyewe, unaona? Mwenye duka anakwambia samaki wake kaoza, wewe unasema hapana, nifungie." Kisha akavua miwani. "Lakini si unasema kapungua kilo nne?"

"Nne. Mimi nimepima."

"Basi sijui. Ila vidonge asiache. Hilo najua. Mwambie akiviacha hivi hivi anaweza kuanguka."

Niliandika maneno ya karatasi kwenye upande wa *Haifanyi kazi*. Kisha nikatazama upande wa pili, palipoandikwa *kilo nne*, kwa mwandiko wangu mwenyewe. Sikujua niiamini ipi: karatasi ya watu nisiowajua au mizani niliyoipima kwa jiwe mara tatu. Mimi ni nani niseme Wazungu wote hawajaona kitu ambacho Mwamkulu kimeonekana? Lakini pia mimi ni nani niseme nimeona?

Mke wangu alipeleka habari ya karatasi kwa mama yake. Alirudi akiwa anajizuia kucheka.

"Umemwambia habari ya vidonge?"

"Nimemwambia. Anasema karatasi ni ya Wazungu, mizani ni ya mkwe wake. Akiambiwa na mizani atavimeza."

"Na habari ya mkojo?"

"Mama mdogo kaangua kicheko mpaka kakaa chini. Mama kasema amezaa watoto saba, wangemuomba tu angewapa bure."

Wiki ikapita. Mama alianza kuumwa kichwa asubuhi. Mama wa sindano akasema ni mafuta yanapita kichwani yakielekea nje. Nilipolisikia hilo niliweka alama ya kuuliza daftarini, kubwa, nikaikoleza kwa kalamu mpaka karatasi ikatoboka.

Ijumaa ya wiki iliyofuata nilikuwa nakula, mke wangu akatokea ndani na kikapu cha ukindu mkononi, kikapu kizuri, kilichosukwa kwa rangi.

"Nishauri," akasema. "Jumapili tunaonana na mama, nataka kumrudishia kikapu chake. Hakirudi kitupu, unajua. Sasa mtu anayekatazwa karanga, anakatazwa mafuta, mchele ndiyo usiseme, nimwekee nini? Nimwekee mchicha? Atasema mwanae amemletea majani."

"Kikapu cha mama kimekujaje hapa?"

"Si ndicho kile alichotuletea mchele. Siku ile ya kwanza ya mizani. Angekuja kwa mkwe mikono mitupu?"

Nikarudisha tonge sahanini.

"Alikiweka wapi akiwa kwenye mizani?"

Mke wangu akanitazama. "Akiweke wapi? Kikapu cha mkwe hakiwekwi chini, kinapokelewa. Mimi nilikuwa nimekushikia kitenge kisifunguke, mama mdogo ameshika viatu. Wewe uko nyuma ya kitenge. Nani apokee? Alikishika mpaka aliposhuka, ndipo nikakipokea."

Nilimuona akifika mahali nilipofika, taratibu, kama mtu anayepanda ngazi gizani.

"Ulikuwa mchele kiasi gani?" nikauliza.

"Niliupima kwa kopo. Kilo tatu na kidogo."

Nikanyanyuka nikachukua kile kikapu. Ukitia na kikapu chenyewe, ilikuwa kilo tatu na nusu hivi. Na ule mchele tulikuwa tumeula. Tuliula kwa maharage, tukausifu, nikaomba uongezwe. Ushahidi wote nilikuwa nimeumeza mimi. Mimi, ambaye kila siku ya Mungu natoa uzito wa gunia kabla sijaandika, nilikuwa nimemuandika mama mkwe pamoja na kikapu.

"Lazima aambiwe," nikasema. "Hajapungua kilo nne. Amepungua nusu kilo. Na ameacha vidonge kwa ajili ya mchele."

"Haya, mwambie."

"Mimi nitamwambiaje? Sisemi naye. Wewe ndiye unayepeleka maneno."

"Maneno mengine napeleka," mke wangu akasema. "Hilo sipeleki. Niende kwa mama yangu, mji mzima unamshangilia, nimwambie mama, umepungua mchele? Hapana, baba. Hilo ni lako na mizani yako."

Usiku ule nilifikiri sana, na katika kufikiri nikakumbuka bwana shamba. Huyu alitufundisha zamani habari ya mbolea. Alichukua shamba moja, akalikata katikati, nusu akaitia mbolea na nusu akaiacha hivi hivi, mbegu ile ile, palizi ile ile, halafu akatuambia tusubiri mavuno. Tulimcheka, lakini mavuno tuliyaona. Nami nikaona ninalo shamba kama hilo bila kulilima: wanawake wawili, tumbo moja, jiko moja, ngumi ya mtoto moja. Mmoja ametiwa sindano, mwingine hakutiwa. Na nilikuwa nimewapima wote wawili Jumapili ile ya pili, mikono mitupu. Nilimuuliza mke wangu mara nne kama ilikuwa mitupu.

Jumapili tukakutana ghalani. Safari hii mama wa sindano alikuja pia, na koti lake jeupe, na wanawake watatu wanne wa foleni wakiwa nyuma yake, kusikia mizani itasemaje. Nilitamani mvua inyeshe. Haikunyesha, ulikuwa mwezi wa nane.

Mama akapanda. Nikauliza kwa sauti, kupitia kwa mke wangu, kama ameshika kitu.

"Anauliza umeshika kitu?"

"Nimeshika nini? Mwambie nimeshika roho yangu."

Tisini na moja na nusu. Amepungua kilo mbili na nusu tangu ile Jumapili. Vigelegele. Mama wa sindano akawageukia wale wanawake, mikono imefunguliwa, kama mtu aliyemaliza mahubiri.

"Sasa mama mdogo," nikasema.

"Huyu wa nini?" mama wa sindano akauliza. "Huyu hayumo kwenye dawa."

"Ndiyo maana."

Mama mdogo akapanda, akiwa anajichekea. Nikasukuma jiwe kushuka, na kushuka, mpaka nikaogopa.

"Sabini na nane."

Hakuna aliyepiga kigelegele. Watu walikuwa wanahesabu kimoyomoyo. Themanini na moja kutoa sabini na nane. Kilo tatu.

"Yaani mimi nimemshinda?" mama mdogo akasema. "Bila sindano?"

Nikaona aibu ya kusema, lakini nilisema, huku nikiangalia mkono wa mizani. Nilieleza habari ya bwana shamba na nusu mbili za shamba. Kisha, ili niwe mkweli, nikasema na yanayonipinga. Nikasema watu wawili si shamba, ni mashina mawili tu. Nikasema mama mdogo wiki hizo alikuwa akienda kulima bustani ya bondeni na mama anakaa nyumbani kwa sababu ya magoti, kwa hiyo huenda jembe ndilo lililomshushia ile nusu kilo ya ziada. Nikasema huenda sindano inasaidia watu wengine ambao mimi sijawapima. Lakini kwa mizani hii, njaa waliyokula wote wawili ndiyo ninayoiona. Sindano siioni.

"Labda huyo ana lake," mama wa sindano akasema taratibu, akimtazama mama mdogo. "Mtu kukonda bila dawa siku hizi... tunajua ni nini."

Loh! Nilisikia jukwaa linalia, mama mdogo ameruka chini.

"Nini? Sema! Sema tunajua nini! Nimekula majani yako wiki mbili, nimelala na njaa kama mbwa wa padri, halafu unaniambia nina lile gonjwa? Njoo twende zahanati sasa hivi, twende wote wawili, na wewe utoe damu!"

Ilibidi mke wangu amshike kiuno. Wale wanawake wa foleni waliingia katikati, wawili upande huu na wawili upande ule, na kwa muda heshima yote ya kitenge ilikuwa hatarini. Katika kelele hizo mama wa sindano alipaza sauti kwa mara ya kwanza:

"Na zile kilo nne za wiki ya kwanza? Hizo nazo ni njaa? Jibu hapo, karani!"

Kelele zikakata. Nikajua ndiyo hapo.

"Hizo," nikasema, "zilikuwa mchele."

Nikaeleza. Nilieleza kikapu, kopo, maharage, na kwamba tuliula na kwamba ulikuwa mtamu. Nikasema kosa ni langu, kwa kuwa sikuona na sikuuliza, na mtu anayepima bila kuuliza hana tofauti na anayepunja.

Nikasubiri mke wangu aseme neno. Hakusema. Kisha ikaja sauti ya mama mkwe, si kwa mke wangu. Kwangu, moja kwa moja, kwa mara ya kwanza katika miaka tisa.

"Mkwe. Kwani hukutoa?"

Sikujua kama naruhusiwa kujibu. "Kutoa nini, mama?"

"Kikapu! Nilijua utatoa. Mkulima gani asiyejua kwamba unatoa uzito wa gunia? Nilisema moyoni, ah, huyu anajua kazi yake, atatoa."

"Sikukiona, mama."

"Haya." Akapumua. "Kwa hiyo nilipungua ngapi?"

"Nusu kilo. Na nusu yenyewe inaweza kuwa uji."

Wale wanawake wa foleni walianza kucheka, kidogo kidogo, wakijaribu kuficha kwenye kanga. Nilisikia na mama mdogo anacheka, ambaye dakika moja nyuma alitaka kuua. Mama mkwe hakucheka.

"Sasa niambie wewe mwenyewe. Usiniambie shamba. Vidonge nimeze au nisimeze?"

Nilijiona mdogo sana. Mimi wa la saba. Nilitaka kusema nenda kamuulize tabibu, na hilo lilikuwa jibu zuri, lakini nilijua akitoka pale bila neno langu ataenda kulala, na kesho ataamka na kile kichwa.

"Mama, habari ya sindano sina hakika," nikasema. "Habari ya karatasi sina hakika, nimesomewa tu. Lakini ulichokiachia vidonge hakikuwepo. Ulikuwa mchele. Meza, mama."

"Wewe huna hakika na kitu chochote," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Basi hilo moja ulilosema bila *labda* nalikubali." Nikasikia fundo la kanga linafunguliwa, karatasi ya vidonge ikachakarika. Kumbe siku zote hizo alikuwa akitembea navyo, kiunoni, kama mtu aliyegombana na mumewe lakini hajarudi kwao. "Nyie mnaocheka, nani ana maji?"

Mama wa sindano alikaa siku nne zaidi. Foleni haikuisha yote. Wapo walioendelea na sindano zao na wakapungua, nami siwasemi vibaya, maana walikuwa na njaa kweli. Alipoondoka kwa treni alimtumia mama salamu za heri, na mama akazipokea.

Jumatatu ile, siku moja baada ya ghala, mke wangu alimpeleka mama zahanati kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli, akiisukuma kwa mkono. Mimi nilifuata kwa mbali, kwa heshima, nikasimama nje ya dirisha. Tabibu alimfunga kile kitambaa cha presha, akakijaza, akasikiliza, akakijaza tena. Akasema imepanda sana, na kwamba angeendelea wiki moja hivi hivi asingependa kufikiria. Akamuuliza alianza tena vidonge lini.

"Jana."

"Nani alikwambia uanze?"

"Mkwe wangu."

"Ni mganga?"

"Hapana," mama akasema. "Anapima mahindi."